Mchanganyiko wa Sokoni

Tahani alipowekwa ndani afichwe jua, kama ilivyo ada ya bi harusi pale Omdurman, mama yake Batuli alikabidhi kazi zote kwa wadogo zake ili amshughulikie mwenyewe. Kila jioni alimkalisha juu ya shimo la moshi wa mgunga, kisha akamsugua dilka, ule unga uliokandwa kwa mafuta na manukato. Dilka haina ubaya. Bibi zetu wote wameolewa nayo. Lakini Batuli alitaka mwanawe ang'ae kuliko mabibi harusi wote wa mtaa, akaitia mchanganyiko wa duka la vipodozi sokoni, mafuta meupe katika kikopo kisicho na jina. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Ukurutu wa viwiko, uliomsumbua Tahani tangu utotoni, ulikauka. Mashoga wakamtania, "We Tahani, ukiingia ukumbini wazime taa!" Baadaye mishipa ikaanza kuonekana mikononi, na jioni moja ngozi ya paja ikachanika chini ya kidole cha mama yake. Batuli akaingiwa na hofu, akatupa kikopo jalalani, akadhani amemwokoa.

Hazikupita siku nyingi Tahani akawaka, uso, shingo hadi magoti, wekundu na majimaji na muwasho wa kumliza.

"Umempaka steroidi kali, dada yangu," alisema daktari Igbali hospitalini, alipokwisha kumkagua Tahani.

"Mimi? Nimempaka dilka!"

"Ilikuwa ndani ya dilka. Sikiliza. Chembe za ngozi zina vipokezi, vinangoja homoni ya mwili ivipe amri. Hii steroidi ilivikalia. Ikaamuru uvimbe unyamaze, ikaamuru na ngozi mpya isiumbike. Sasa umeiondoa ghafla, ule uvimbe umerudi kwa nguvu, na ngozi ya kuukabili hakuna."

"Basi nipe dawa imponye."

"Nitakupa nyepesi, tumwachishe polepole. Ni miezi, mama. Moshi marufuku, kusugua marufuku."

"Alhamisi atacheza mbele ya wanawake wote, mabega wazi!"

"Ahirisheni."

Batuli alicheka kwa uchungu. Waahirishe vipi, na shangazi za bwana harusi wameshashuka kutoka Jidda?

Nyumbani Tahani alilala kitandani bila shuka, maana hata kitambaa kilimchoma. Ile dawa nyepesi ilikuwa kama maji. Batuli alisimama mlangoni.

"Mama, nipake ile ya mwanzo."

"Daktari amekataza, mwanangu."

"Kidogo tu. Wewe ndiye uliyenianzishia. Usiniache njiani."

Batuli akanyoosha mkono, akaurudisha. Akimgusa, atamuumiza; asipomgusa, atabaki kumtazama akiungua. Alijiona si chochote, mama jina tu. Akajitanda thobu lake, akatoka.

Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene mcheshi, akamwona tangu mbali.

"Mama wa bi harusi! Nilijua utarudi. Wote hurudi."

Njia nzima Batuli alikuwa amepanga matusi ya kumtukana. Sasa akilini alimwona mwanawe kule kitandani, akajichukia.

"Nipe ile ile," akasema.