Shangazi wa Sura ya Saba

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba maoni yangu yote kuhusu sinema yametekelezwa.

Mimi ni kinyozi hapa Tabora, na sinema nazitazama kwenye kioo. Televisheni iko nyuma yangu, kichwa cha mteja kiko mbele yangu, kwa hiyo mwaka wa kumi na moja huu naona mashujaa wote wakitumia mkono wa kushoto. Hilo halijanizuia kutoa maoni. Mteja akikaa kitini anauliza, "Hii ikoje?" nami najibu.

Ndotoni naingia ndani ya kioo kuokota kitana kilichoniponyoka. Nawakuta wapiganaji thelathini wa ile sinema ya karate wamekaa mkekani, wanakula wali.

"Leo hampigani?" nawauliza.

"Si wewe uliyesema tunapigana kutwa nzima wala hatuli?" anajibu mkubwa wao, mdomo umejaa. "Tumekaa tukaona una haki. Karibu."

Nanawa. Wali umeiva vizuri.

Tonge la tatu nalimeza nikiwa stesheni ya treni. Kijana na binti wa ile sinema ya mapenzi wamekaa kwenye benchi, wanapiga miayo. Niliwahi kusema kilio chao cha saa mbili kingekwisha kwa simu moja. Basi wamepigiana simu, yamekwisha kwa dakika moja, na sasa hawana la kufanya.

"Oaneni," nawashauri.

"Tumeshaoana, kinyozi. Watoto wako shule."

Kusema kweli nilijisikia vizuri sana. Si kila mtazamaji anasikilizwa. Ndipo mama mmoja wa makamo, amejifunga kanga kiunoni na kamba ya katani begani, akanivuta koti.

"Samahani, mwanangu. Ni wewe uliyesema sinema ya kisima inatosha, kitabu cha nini?"

"Ni mimi."

Sinema hiyo imetokana na kitabu anachokisoma mke wangu, Mwajabu. Nilimwambia anajisumbua bure.

"Mimi ni shangazi yake steringi, yule shujaa wa sinema," anasema mama yule. "Nimo kwenye sura ya saba. Wenye sinema walinikata ili waokoe dakika sita. Majina yakipita mwishoni na langu halimo, nafutika hata kitabuni. Yamebakiza kidogo yaanze."

Ananishika mkono, na tuko kisimani. Steringi yuko chini, maji yanamfika kifuani. Sehemu hii niliwahi kuilalamikia: anatumbukia kisimani, halafu mara tunamwona juu ya baiskeli, mkavu kabisa. Sasa naelewa. Hakuna aliyemtoa. Yule wa baiskeli ni mtu mwingine aliyefanana naye.

"Si wanasema steringi hafi?" namwuliza.

"Sifi," anajibu kutoka chini. "Lakini nachoka. Na huu mkono wa kushoto ulionipa sijauzoea, kupanda siwezi."

"Mvute basi, mama," namwambia shangazi.

"Siwezi mpaka niitwe jina. Kitabuni huwa ananiita yeye, ila kwenye sinema hawakumpa maneno hayo."

"Unaitwa nani?"

"Sikuandikiwa kujitaja, mwanangu."

Kitabu chenyewe kiko ukingoni mwa kisima. Najaribu kukifungua, kinakaza.

"Ulisema nachosha," kinaniambia. "Ulisema mbele ya mteja aliyenyolewa nusu kichwa."

"Nisamehe. Sikuwahi kukusoma."

"Hilo nalijua."

Angani majina yameanza kupanda: mpiga picha, fundi umeme, mpishi. Shangazi anafifia kuanzia miguuni. Roho iliniuma, maana hata hapo alikuwa ananitabasamia kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kusumbua. Nikapiga magoti, nikakibembeleza kitabu mpaka kikalegea, nikasoma sura ya saba kwa kufuata kidole. Mstari wa kwanza hayumo. Wa pili hayumo.

"Shangazi Kalekwa!" napiga kelele. "Shangazi Kalekwa! Shangazi Kalekwa!"

Miguu yake inarudi, na ndala zake. Anashusha kamba, anavuta mara tatu, steringi yuko nje, amelowa chapachapa, analia kama mtoto. Angani majina yanasogeleana kidogo kuacha nafasi.

Nikaamka. Kumekucha, na Mwajabu amekaa kitandani ananitazama kwa jicho ambalo sikulipenda.

"Kalekwa ni nani?"

"Shangazi."

"Shangazi zako wote nawajua, Baba Sikudhani. Umemwita mara tatu."

"Ni wa kwenye kitabu chako. Sura ya saba, mstari wa tatu."

"Sura ya saba mimi mwenyewe sijaifikia!" Akakichukua kitabu, akanionyesha. Kurasa za sura hiyo zilikuwa bado zimeshikana ukingoni. Huko zilikochapwa hazikukatwa, na hakuna jicho lililowahi kupita humo.

Akaleta kisu cha mkate, akazipasua taratibu. Akasoma kimya, midomo ikicheza. Mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu midomo ikasimama.

Akaweka kisu chini na kusogea kunipa nafasi ubavuni pake.

"Soma kwa sauti, mke wangu," nikamwambia. "Wateja watasubiri."