Majina Kumi na Mawili

Nimeshona sare za shule yetu miaka minne, kwa hiyo mtu asinidanganye idadi ya watoto. Nawajua kwa mabega. Darasa la saba mwaka jana lilikuwa na watoto tisini na wanne, na karatasi iliyobandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na majina themanini na mawili. Nilihesabu mara mbili kwa kidole, wazazi wengine wakinisukuma mgongoni. Binti yangu Brigid hakuwemo.

Tulikuwa tumeitwa tuhakiki majina ya watakaofanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwezi wa kumi na moja. Bila mtihani huo hakuna sekondari itakayompokea mtoto. Brigid alianza masomo kwetu Bungoma, ng'ambo ya mpaka, akaingia Mbale darasa la nne. Hesabu anazipiga vizuri. Ila historia ya Uganda ilimkuta amechelewa, na Kiingereza chake bado kinachechemea. Ni mtoto wa kawaida tu, na mimi sijaona aibu yoyote katika hilo.

"Jina la binti yangu limekwenda wapi?" nikamwuliza karani.

"Subiri uitwe, mama. Mnaitwa mmoja mmoja."

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, lakini wapi! Nikaketi kwenye benchi kando ya Jaliah, jirani yangu wa mtaa wa Namakwekwe. Jaliah ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu na cherehani moja na mtoto mmoja. Yeye ndiye aliyenitafutia chumba, tena akaniletea wateja wa kwanza. Binti yake Nambozo naye hakuwemo kwenye karatasi. Tulikaa, kila mtu anatazama viatu vyake.

Mwalimu Mugweri, mwalimu mkuu, si mtu mbaya. Nalisema hili kwa shingo upande. Ni mtu wa shati lililopigwa pasi na sauti ya chini, karibu mama, keti mama. Akafunga mlango, akanieleza. Shule yetu ilikuwa ya pili mwaka uliopita kati ya shule zote za serikali mjini. Ili ibaki hapo, watoto kumi na wawili walioanguka jaribio la muhula wa kwanza hawatafanyia mtihani kwetu. Wataandikishwa kituo kingine, shule moja ya kijijini, kilomita kumi na nne kutoka mjini, na alama zao zitahesabiwa huko. Kilichobaki ni sahihi ya mzazi kwenye fomu ya ridhaa, mwisho Ijumaa.

"Kwa hiyo binti yangu atasoma hapa," nikasema, "atavaa sare ya hapa niliyoshona mwenyewe, halafu akianguka, aonekane ameanguka kwingine?"

"Mama Brigid, ni utaratibu tu. Si sisi peke yetu tunaofanya hivi."

"Eti utaratibu! Nyoo!"

Nilipandisha. Nami nikipandisha, Kiswahili changu kinakuwa kikali, na hapa Mbale Kiswahili kikali kina historia yake. Wazee wakikisikia wanawakumbuka wanajeshi wa zamani waliowatisha kwa lugha hiyo. Mwalimu Mugweri aliutazama mlango, sijui alidhani nimekuja na afande.

"Basi, basi, mama," akasema. "Tusifike huko. Wewe ni mtu wa shule, unatushonea. Nitamrudisha Brigid. Yeye peke yake. Tia sahihi hapa kwamba umehakiki jina lake, yaishe."

Akanisogezea karatasi na kalamu.

Nitasema ukweli, maana sitaki kujipaka mafuta. Niliishika ile kalamu. Roho ilinitulia kabisa, nikamwona Brigid amekaa kwenye dawati lake siku ya mtihani, na wale kumi na mmoja wengine sikuwaona hata kidogo. Nilikuwa nimeshaandika herufi ya kwanza ya jina langu, ndipo mwalimu akaongeza, "Ila usimwambie huyo mama aliyeko nje."

Angenyamaza tu, ningemaliza. Lakini alisema, na mkono wangu ukagoma.

"Huyo mama anaitwa Jaliah," nikamwambia. "Na namwambia sasa hivi."

Nilitoka nikamwambia yote, hata habari ya kalamu. Nilijua nisipoitoa siku ile, itanikaa kooni mpaka nife.

"Wallahi ningekuvunja huo mkono, Orpah," Jaliah akasema. Kisha akauvuta ushungi wake. "Si nilikwambia Shakirah wangu aliacha shule mwenyewe? Eti kichwa kigumu?"

Nilikumbuka. Shakirah ni binti yake mkubwa. Mtaa mzima ulijua habari hiyo ya kichwa kigumu.

"Nilidanganya. Miaka mitatu iliyopita niliingia humo humo, nikatia sahihi fomu hiyo hiyo."

Shakirah alipelekwa kituo kingine, akalala sakafuni darasani siku zote za mtihani. Januari matokeo ya kituo kile yakazuiwa yote, kwa sababu watu wazima walikuwa wameiba mtihani. Akaja kuuliza shuleni kwetu, akaambiwa wewe si wetu, jina lako liko kule. Akaenda kule, akaambiwa wewe si wetu, umeletwa kutoka mjini. Akapigwa danadana hivyo hadi Machi, akachoka. Sasa anauza katika duka la shangazi yake lililoko Mafubira, kule Jinja.

"Nilimsingizia mtoto ili mimi nisichekwe," Jaliah akasema, na machozi yakamtoka pale pale kwenye benchi, mchana kweupe, karani anatutazama.

Hasira niliyokuwa nayo ofisini ilikuwa mchezo mbele ya hii ya sasa. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tunaitwa mmoja mmoja. Kila mzazi alikuwa anaingia peke yake, anaambiwa mtoto wako ni mzigo, anatoka na aibu yake, anaifungia nyumbani. Miaka yote hiyo! Na sisi tulikuwa tunapiga makofi kila Januari shule ikitajwa.

Wiki ile cherehani ililala. Mimi na Jaliah tulizunguka kutafuta wazazi wa wale watoto wengine, kuanzia vyumba vya kupanga vya Namakwekwe mpaka kule viwandani Industrial. Nyumba moja tulifukuzwa kabisa. Mama Kato alikuwa ameshatia sahihi, akalia tulipomweleza. Masinde, dereva wa malori, baba wa mmoja wao, tulimpata kwa simu akiwa kwenye foleni ya malori mpakani Malaba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nakuja. Niwekeeni nafasi ya mbele."

Ijumaa tulifika wazazi kumi kati ya kumi na wawili. Karani akainua mkono. "Mmoja mmoja!"

"Hiyo imeisha," Jaliah akamwambia, akapita.

Tuliingia wote. Ofisi ile ina viti viwili, kwa hiyo tulisimama, tukajaa mpaka dirishani. Nikamwambia Mwalimu Mugweri kwamba hakuna atakayetia sahihi, na Mama Kato anataka fomu yake irudishwe. Watoto wamesoma hapa na mtihani wao wataufanyia hapa.

Alianza kwa upole, akaona haushiki. Akanigeukia. "Mama Brigid, kumbuka kazi ya sare tunakupa kwa hisani tu."

"Zichukue ukashone mwenyewe," nikamjibu, na hapo nilikuwa na vitambaa vya sketi arobaini nyumbani, vimeshakatwa. Masinde akacheka kwa sauti.

"Mnakasirika bure," mwalimu akasema. "Kituo kile ni kizuri. Hakuna mtoto wetu hata mmoja aliyewahi kupata hasara kule."

Basi Shakirah akapenya katikati yetu. Alikuwa ametoka Jinja asubuhi ile ile, na mama yake hakuwa na uhakika kama angekuja. Alikuwa amekuwa msichana mrefu, wa miaka kumi na saba, mwenye sauti ndogo.

"Mwalimu, habari za siku. Mimi nimefuata matokeo yangu."

"Matokeo gani?"

"Ya mtihani wangu wa darasa la saba. Ulimwambia mama yatakuja hapa."

Akaweka kadi yake ya mtihani mezani. Alikuwa ameitunza miaka mitatu katika mfuko wa plastiki. Picha iliyokuwa kwenye kadi ilimwonyesha amevaa sare yetu, kola niliyoigeuza kwa mkono wangu, na jina la shule lililoandikwa juu yake halikuwa letu. Mwalimu Mugweri aliitazama ile kadi, akamtazama Shakirah, na nakwambia alimkumbuka. Akakaa.

"Mnajua shule ikishuka mimi napelekwa wapi?" akasema. "Juu kabisa mlimani, nikaanze upya. Mwalimu wa sayansi aliondoka miaka miwili iliyopita kwenda shule ya binafsi. Kila nikienda ofisi ya elimu kuomba mwingine naambiwa, shule ya pili mji mzima, unalia nini? Watoto tisini na wanne, mwalimu mmoja anawapa sayansi na hesabu. Nifanye nini?"

"Kwa hiyo umewaficha watoto," Masinde akasema, sasa hacheki, "na wewe ukanyimwa mwalimu kwa sababu umewaficha."

Mwalimu alizitoa zile fomu kwenye faili, akaichana ya Mama Kato kwanza, kisha zile tupu. Halafu akamwambia Shakirah avute kiti, akamwandikisha upya yeye mwenyewe, akiuliza tarehe ya kuzaliwa. Jaliah aliniegemea.

Kwa hiyo Novemba watoto kumi na watatu ambao hawakutakiwa walikaa kwenye madawati yetu, dada mkubwa na mdogo wake chumba kimoja. Mimi sikutulia. Sitadanganya, usiku wa kuamkia mtihani niliomba Mungu anisamehe kama nimempoteza mtoto kwa ukaidi wangu.

Januari tuliitwa mkutano wa wazazi. Afisa mmoja wa elimu, Bi Nabifo, alikuja na chati kubwa ya karatasi, akaibandika ubaoni. Shule yetu ilikuwa ya kumi na tisa. Mwalimu Mugweri aliketi pembeni, na wote tulijua barua ya uhamisho imeshamfikia. Sare nazo alikuwa amepewa fundi mwingine.

Shakirah alikuwa amepata divisheni ya pili. Brigid na Nambozo, ya tatu, nayo ni kufaulu. Kati ya wale kumi na watatu wawili walianguka, na mama zao walikuwapo ukumbini, safu ya pili, vichwa juu.

"Shule hii ilikuwa fahari ya mji," Bi Nabifo akasema. "Imeshuka ngazi kumi na saba kwa mwaka mmoja. Nimeambiwa kuna mzazi aliyewachochea wenzake. Nataka kumjua."

Jaliah akanibana mkono, sijui alikuwa ananizuia au ananisukuma. Nikasimama.

"Ni mimi, mheshimiwa. Lakini shule haijashuka. Hapa kwenye kumi na tisa ndipo ilipokuwa miaka yote, ila nyinyi mlikuwa mnaletewa karatasi iliyopunguzwa watoto. Sasa tumewaletea nzima. Mnaiona. Basi leteni mwalimu wa sayansi, na huyu Mwalimu Mugweri mwacheni hapa, maana mwaka huu ndiyo mara ya kwanza amesema ukweli na ndiyo mara ya kwanza mmemwadhibu."

Watu waliguna. Nyuma kabisa mtu mmoja akapiga kofi moja, akaacha. Bi Nabifo alifungua daftari lake, akashika kalamu.

"Jina lako nani, mama?"

Alidhani nitaogopa. "Andika," nikamwambia. "Orpah, mama yake Brigid. Na alama za Brigid ziandike pia: ishirini na tano, divisheni ya tatu, shule hii hii."