Mpangaji wa Chini ya Sinki

Fundi bomba alimtoa paka kwenye mtaro ulioziba, akamleta nyumbani ndani ya mfuko wa vifaa, katikati ya spana. Alikuwa jike wa kijivu, mbavu nje, sikio moja limechanika. Mfuko ulipofunguliwa tu, aliruka akapotelea chini ya sinki la jikoni, nyuma ya ndoo.

"Tumwache," fundi alimwambia mkewe. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Atatoka mwenyewe akitaka."

Hakuwahi kumwona akitoka. Wiki haikuisha, handaki alimokuwa akilaza mabomba likaporomoka, likamfukia. Wenzake walimfukua kwa mikono, lakini roho ilikuwa imeshamtoka.

Wakabaki wanawake wawili: mjane wake, mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na mama mzazi wa fundi. Tangu harusi walikaa nyumba moja bila ugomvi, lakini pia bila mazoea. Fundi ndiye aliyekuwa akiwachekesha wote wawili. Sasa kila mmoja alijifungia na msiba wake chumbani. Salamu asubuhi, salamu jioni, basi.

Mama mkwe hakumtaka paka. "Huyu ana nuksi. Kaingia yeye, katoka mwanangu."

"Mama, hana kosa. Na paka wa nyumba haingwa, hafukuzwi."

"Wa nyumba gani? Huyo ni mpangaji tu. Tena mpangaji asiyesalimu watu!"

Jina likamganda: Mpangaji.

Mjane alimng'ang'ania kwa kuwa ndicho kitu cha mwisho mumewe alichokileta nyumbani. Kila akirudi kazini, miguu imevimba kwa kusimama, aliketi sakafuni jikoni na kisahani cha vichwa vya samaki, akaongea polepole, maneno yoyote yaliyomjia: shuka zilizoungua, mwenzake anayekoroma wakati wa mapumziko. Nyuma ya ndoo yalionekana macho mawili tu. Chakula kililiwa akishaondoka.

Jioni moja subira ilimwishia, akanyoosha mkono. Makucha yakamchana kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Kesho yake mvuke wa pasi ulipokigusa kidonda, alilia kwa sauti. Wenzake wakamletea dawa, wakidhani kinachouma ni mkono.

Kisha ikatokea siku mashine za mvuke ziliharibika, wakaruhusiwa kuondoka mapema. Alipofika nyumbani alisikia mazungumzo jikoni. Akadhani kuna mgeni, akavua viatu ili asipige kelele. Hakukuwa na mgeni. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda mbele ya sinki, ungo wa mchele mapajani, akichambua na kusema:

"...naye alikuwa hivyo hivyo. Babake alipofariki alijificha chini ya kitanda, hali, hanywi. Nililala sakafuni pembeni yake. Sikumvuta. Unasikia, Mpangaji? Sikumvuta, akatoka mwenyewe. Sasa mimi nani atanilalia sakafuni?"

Kichwa cha paka kilikuwa kimetokeza kando ya ndoo, macho yamefumbwa nusu.

Mjane alisimama na viatu mkononi, asijue aingie au arudi nje. Mwishowe aliingia, akaketi chini karibu na kigoda. Mama mkwe hakumtazama. Aliusogeza ungo tu, ukawa katikati yao, wakachambua pamoja hadi mchele ukawa hauna hata chuya moja, nao bado wanachambua.

Tangu hapo kila jioni walikaa jikoni. Paka akaanza kula wakiwa pale pale. Baadaye akawa anapita karibu, mkia ukigusa pindo la nguo. Halafu jioni moja akaja mzima mzima, akasugua shavu lake kwenye muundi wa mguu wa mama mkwe, huku na huku.

"We! Ananipaka nini huyu?"

"Ndiyo maana akaitwa paka, Mama."

Walicheka mpaka machozi, na kicheko kilipoisha machozi hayakuisha. Mama mkwe akamshika mkono. "Mwanangu," akamwita, kwa mara ya kwanza.

Hawakupewa muda mrefu. Moyo wa mama mkwe ulichoka. Akawa mtu wa kitandani, na Mpangaji akahamia huko, akilala nyuma ya magoti yake. Asubuhi moja mjane alipopeleka chai alimkuta paka ameketi wima, anautazama uso wa mama bila kupepesa. Akaiweka chai chini.

Watu walijaa. Viti vikaburutwa, masufuria yakagongana, na Mpangaji akarudi nyuma ya ndoo kama siku ya kwanza. Baada ya mazishi wifi yake alimsihi, "Njoo ukae kwetu. Utaishije hapa peke yako?"

"Bado, wifi. Nikimhamisha sasa, paka huyu hatatoka tena."

Nyumba ilipokuwa tupu, alirudi sakafuni na kisahani chake. Safari hii hakuwa na la kusema. Siku zikapita, chakula kikiliwa akiwa hayupo.

Jioni moja usingizi ulimpitia pale pale, kidevu kifuani. Alizinduliwa na uzito mapajani. Mpangaji alijizungusha, akajikunja, akatulia. Hakuwa amewahi kupakatwa. Mjane alishusha kiganja taratibu sana. Mgongo wa paka ukakakamaa, kisha ukalegea, na mkoromo ukaanza, ukamtetemesha mjane hadi kwenye mifupa.

"Mama!" aliita, akigeukia mlango wa chumba. "Mama, njoo umwone!"

Chumba kilikaa kimya, ndipo akakumbuka.

Ile sauti ilimshtua paka. Masikio yakalala, makucha yakashika kitambaa. Lakini hakukimbia. Mjane akainama, akalia ndani ya manyoya yake, naye akaendelea kukaa.