Rangi za Kungojea

Siku ya nne simu ya Twaibu ilipokuwa bado haipatikani, mkewe Raudha alianza kumwaga vitu. Asubuhi alimwaga chai, mchana akamwaga unga. Twaibu alikuwa dereva wa lori. Aliondoka Tunduma na saruji ya kupeleka Lubumbashi, akiongozana na rafiki yake Abdulwahab aliyeendesha lori la pili, na mara ya mwisho alipiga simu akiwa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo.

Jirani yao, mwalimu Yudita, aliona jinsi anavyomwaga vitu. Akaenda kwake, akarudi na daftari la picha za maua na ndege zilizochorwa mistari mitupu, pamoja na boksi la penseli za rangi.

"Mama Naila, kaa upake."

"Mwalimu, mtu mzima mimi nichezee vitu vya chekechea?"

"Mbona mimi hupaka kila nikimaliza kusahihisha? Moyo unatulia. Jaribu jani moja tu."

Raudha alijaribu ili amridhishe. Jani moja likazaa la pili. Kila alipobana penseli isitoke nje ya mstari, ile barabara ya porini aliyokuwa akimwazia Twaibu ilimtoka machoni, na pumzi zikamshuka. Lakini hofu haina adabu, ilimfuata hata hapo. Ikamnong'oneza kwamba picha ikiisha tu, habari itafika. Akaanza kupaka polepole.

Alhamisi alasiri alikuwa kwenye mkia wa tausi pale mzee Asajile, msimamizi wa malori, aliposimama mlangoni ameshika kofia mkononi.

"Mama, vijana wetu wamevamiwa na majambazi. Mmoja amefariki. Mwingine amekimbizwa hospitali upande wa Zambia."

"Yupi?"

"Hatujajua. Nimekuja kwako kwanza kwa kuwa uko karibu; kwa mke wa Abdulwahab sitaenda bila uhakika."

Raudha aliinama akaendelea kupaka. Kijani, buluu, kijani. Penseli ikakatika ncha, akachukua nyingine.

"Lia, mama Naila," Yudita alisema, akimshika bega.

"Nikilia nitakuwa nimekubali."

Haikupita saa, simu ikaita. Namba ya Zambia. Mwanamke alimsalimia kwa Kibemba, kisha kwa Kiswahili cha kuokoteza akasema yeye ni nesi, angoje aongee na mgonjwa. Raudha alisikia mtu akihema. Akafumba macho.

"Raudha."

Alikuwa Twaibu. Raudha alipiga magoti, akamshukuru Mungu kwa sauti, na katikati ya shukrani akakumbuka.

"Abdulwahab je?"

Mumewe alikuwa analia, na kwa miaka kumi na moja ya ndoa Raudha hakuwahi kumsikia akilia. Kisha akasema, "Nenda kwa mkewe, Pili. Asije akaambiwa na watu wa barabarani."

Walipanda bajaji yeye na Yudita hadi Mpemba, alikokaa Pili. Njia nzima Raudha aliogopa uso wake mwenyewe, usije ukaonyesha kwamba mume wake yu hai.

Pili alikuwa anaanika mahindi uani. Akawaona, akatabasamu.

"Karibuni jamani! Wamepatikana?"

Raudha akainamisha uso. Tabasamu likamwisha Pili kidogo kidogo. Akaanza kurudi nyuma, akikanyaga mahindi yake.

"Usiseme. Raudha, nakuomba, usiseme."

Raudha akamfuata juu ya mahindi, akamshika mikono yote miwili.