Pazia la Aproni

Pazia lilikuwa la gunia, limechakaa, lakini lilikuwa pazia. Kila jioni wanawake wa kiwanda cha sabuni waliingia nyuma yake mmoja mmoja, wakavua hadi nguo ya mwisho, mkaguzi akazikung'uta kutafuta sabuni ya wizi, wakavaa, wakaenda zao. Wanaume walipapaswa mifuko tu. Jioni ile gunia halikuwepo. Zilibaki pete za waya kwenye bomba, na chini yake walinzi wawili wa kiume wameegemea ukuta, kama watu waliowahi harusini kushika viti vya mbele.

"Pazia linaficha wezi," meneja alisema. "Kuanzia leo, hapo hapo hadharani."

Mama Kwanini alifungua mdomo kuuliza. Jina hilo alipewa na wenzake wa chumba cha kufungasha, kwa kuwa hakuna amri aliyowahi kuimeza bila kuiuliza. Lakini leo hakuwa peke yake. Nyuma yake kwenye foleni alisimama binti yake, wiki ya kwanza kazini, ameng'ang'ania kifungo cha juu cha gauni lake.

Mkaguzi alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe.

"Vua haraka haraka, wifi," alimnong'oneza. "Mimi nitaangalia pembeni."

"Wewe utaangalia pembeni. Na hayo madume mawili je?"

"Sasa mimi nifanyeje? Nami nina watoto."

Mchungaji akatokea ofisini, katoni ya sabuni kwapani. Kila mwisho wa mwezi alikuja kuwaombea wafanyakazi, na kila alipoondoka alipewa katoni. Muda mfupi tu uliopita, mle ghalani, alikuwa amewahubiria kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, hata anayefagia. Meneja ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kuliko wote.

"Baba Mchungaji," Mama Kwanini akamwita. "Ule mfano wa Mungu uliotuhubiria, wanataka kuuvua nguo mbele ya wanaume. Unasemaje?"

Mchungaji alitazama zile pete, halafu akatazama viatu vyake. "Mama yangu, kiwanda kina utaratibu wake. Nitalizungumza na meneja, kwa wakati wake."

"Wakati wake si ndio huu?"

"Tuwe na subira, mama." Akaelekea kwenye gari lake, akaingia kungoja lango lifunguliwe.

"Umemaliza mahubiri yako?" meneja akamuuliza Mama Kwanini. "Asiyevua hatoki, na kesho haingii. Tena wewe kaa pembeni. Aanze huyo binti yako."

"Twende nyumbani, mwanangu," Mama Kwanini alisema. "Kazi itapatikana."

"Itapatikana wapi, mama?" Binti hakuinua macho. "Mwaka mzima tumeitafuta. Niache tu." Akafungua kifungo cha kwanza.

Hapo ndipo Mama Kwanini alipofungua aproni yake. Hakuwa amepanga lolote. Aliishika ncha mbili, akaitandaza, mgongo kwa mwanawe, uso kwa walinzi. Ilifunika upande mmoja tu. Mwanamke wa mashine ya kukatia sabuni akatoka kwenye foleni na yake. Akaja mwingine, na mwingine, hata yule bibi mfagiaji ambaye mikono yake haikupanda kupita mabega.

"Shusheni!" meneja alifoka.

"Kagua, wifi," Mama Kwanini alisema. "Si ukaguzi ndio wanaoutaka? Pazia tumeleta wenyewe."

Mlinzi mmoja akavuta aproni, ikachanika. Nyuma yake ikainuka nyingine.

Wifi aliingia katikati yao, akafanya kazi yake kimya. Binti alilia bila sauti. Mama yake alizisikia pumzi zake mgongoni, na zilimuuma kuliko kuchapwa. Hata hivyo, mikono hakushusha.

"Hana kitu," wifi alisema mwishowe.

"Anayefuata!" meneja aliita.

"Anayefuata ni Mchungaji," alisema Mama Kwanini. "Naye anatoka humu humu, tena na sabuni."

Mtu mmoja alicheka kwenye foleni. Wanawake walikuwa wameshaanza kutembea, aproni zikiwa bado juu. Wakalizunguka gari pande zote. Binti alikuja wa mwisho, vifungo vimepishana, ameshika ile aproni iliyochanika.

"Shuka, Baba," Mama Kwanini alisema, mdomo karibu na dirisha. "Usione haya, pazia lipo. Sisi hatutakuangalia."

Meneja alikuwa akipiga kelele lango lifunguliwe. Katoni ilikuwa kwenye kiti cha mbele, imefungwa mkanda vizuri isianguke. Mikono ya wanawake ilianza kuchoka, lakini hakuna aliyeishusha. Kioo cha dirisha la Mchungaji kilikuwa kinapanda, taratibu.