Kiganja cha Kinyozi

Tangu kiharusi kimpige, kinyozi hakutulia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja, kiwiko kimeganda ubavuni, vidole vimezama kiganjani. Mara yuko dirishani, mara mlangoni, mara anamtuma mkewe akachungulie kibanda cha kunyolea, ambako sasa shemeji yake ndiye aliyeshika mashine.

Asubuhi na jioni mkewe aliuwekea ule mkono taulo la moto, kisha akaunyoosha kama daktari wa mazoezi alivyomfundisha: kidole gumba kwanza, halafu vingine, polepole, bila kushtua, na kushikilia hapo huku akihesabu hadi sitini.

"Kumi na mbili, kumi na tatu..."

"Mama watoto, unahesabu au unasinzia?"

"Nahesabu. Ukinikatiza naanza moja."

Siku moja mkewe alitoka kununua sabuni. Mwezi wa nne tangu augue ulikuwa unayoyoma, na kinyozi akaona amechoka kubembeleza mkono wake mwenyewe. Alivibana vidole kwenye droo ya kabati, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Mkono ulitetemeka mzima, ukachomoka, ukajikunja kuliko mwanzo. Mkewe alimkuta kaketi sakafuni, kifundo cha mkono kimevimba.

"Nani kakufanya hivi?"

"Mimi. Nilitaka tumalize."

Daktari wa mazoezi, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, alikibonyeza kile kifundo na kusema hakikuvunjika.

"Mzee, msuli huu ukivutwa ghafla unakaza zaidi. Hauna haraka hata ukiwa nayo wewe."

"Mkasi nitaushika lini?"

Binti aliweka kalamu chini. "Sijui kama utaushika. Siwezi kukudanganya. Tukiunyoosha kila siku, kiganja kitafunguka, utanawa, kucha hazitakuchimba, na shati litaingia bila vita."

 Nyumbani kinyozi aliizunguka meza mpaka mkewe akalalamika kwamba anamtia kizunguzungu. Ndipo alipoketi, akauweka mkono mapajani pa mkewe.

"Hesabu," akasema. "Nikikukatiza, nipuuze."

Uvimbe ulikwisha. Baada ya wiki nyingine tatu vidole vilifunguka vya kutosha. Ngozi ya ndani ilikuwa imepauka, ina alama nne za kucha. Mkewe aliiosha kwa sabuni, akazikata kucha moja moja. Kinyozi aliugeuzia ukuta uso wake.

Mchana huohuo alikwenda kibandani.

"Kaa," alimwambia shemeji yake, akichukua mashine kwa mkono wa kushoto.

"Umewahi kunyoa kwa huo?"

"Sijawahi. Ndiyo maana naanza na ndugu."

Kunyoa kulipokwisha, shemeji alisimama na mstari wa upara kama mfereji juu ya sikio. Mteja aliyekuwa akisubiri akakumbuka ana shughuli mahali. Kinyozi alikung'uta kitambaa, akatoka nje kumwita jirani yao, fundi viatu.