Umbo Lisilojaa Maji

Mshonaji alikuwa akibadilisha mkanda wa jaketi la kuelea pale mgeni wa kwanza wa siku hiyo aliporudi kutoka korongoni na kumwambia kwamba katika dimbwi la tatu kuna sehemu isiyo na maji.

"Kubwa kiasi gani?" aliuliza.

"Kama mtu," mgeni alisema. "Mtu mrefu. Naomba taulo."

Mshonaji akampa taulo, akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akateremka.

Kibanda chake kilikuwa mdomoni mwa korongo. Kutoka hapo ngazi za mawe zilishuka kati ya kuta mbili za mwamba hadi kwenye madimbwi ambayo mto ulikuwa umeyachimba kwa maporomoko yake, moja chini ya jingine, kama masufuria yaliyopangwa rafuni. Wageni waliogelea kutoka dimbwi hadi dimbwi, na waongozaji waliwatangulia wakipiga mbinja. Yalikuwa maji makali. Yaliuma masikio, yalivua watu pete vidoleni, wala hayakumwomba mtu radhi.

Dimbwi la tatu lilikuwa la kijani, na ndilo lililokuwa na kina kuliko yote. Upande wa mwamba, maji yalikuwa yamejitenga na kuacha uwazi wenye umbo la mwanamume aliyekaa juu ya mwamba uliojitokeza, magoti yamekunjwa, mgongo umeegemea jiwe. Utosi wake ulifika usoni mwa maji na ulikuwa wazi kama mdomo wa mtungi. Kingo zake zilikuwa laini mithili ya kioo. Visamaki vilikuja hadi ukingoni, vikageuka, vikaenda zao.

Bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia. Mshonaji alilijua bega hilo. Mdogo wake wa kiume alilivunja utotoni kwa kuanguka kutoka darini.

Mdogo wake huyo, ambaye waongozaji walimwita Kambare kwa jinsi alivyoteleza majini, alikufa katika dimbwi hilo majira ya mvua yaliyopita, siku chache baada ya kuomba apandishwe kutoka mbeba kamba kuwa mwongozaji. Kiongozi wao, waliyemwita Nahodha, alisema Kambare alikuja peke yake, amelewa, akajitupa. Waongozaji wana kanuni: mwenzao akifa majini, wao ndio hulibeba jeneza lake, lakini aliyeingia majini amelewa habebwi. Kwa hiyo Kambare alibebwa na wajomba zake wawili wazee pamoja na majirani wawili, mmoja wao mwenye ngiri, wakipumzika kila baada ya hatua chache. Tangu siku hiyo mama yake hakutoka nje ila kuanika nguo. Watoto wa mtaani, walipomwona dada wa marehemu, walipepesuka kwa mzaha na kuangukiana.

Kambare hakuwahi kunywa pombe. Harufu yake tu ilimtapisha. Jambo hilo dada yake alikuwa amelisema mpaka watu wakaanza kuvuka barabara wanapomwona.

Sasa aliinama, akatazama vizuri. Juu ya mabega ya lile umbo palikuwa na uwazi mwingine: mikono miwili iliyoshuka kutoka usoni mwa maji na kukandamiza. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda kama tangawizi. Katika korongo zima kidole kama hicho alikuwa nacho mtu mmoja tu, naye alikuwa Nahodha, kaka wa mume wake.

Alipanda ngazi, akawaita waongozaji. Walikuja wote, kwani husemwa kwamba mtu hukataa neno, hakatai wito. Mume wake alikuja nyuma ya kaka yake, kama kawaida.

"Ni Kambare," mwongozaji mmoja alisema, akitafuna kijiti. "Bega lake lile."

"Amekonda," mwingine alisema.

"Amekonda wapi? Ndivyo alivyokuwa."

"Na mikono hiyo ni ya nani?" Mshonaji aliuliza.

Watu wakatazama maporomoko. Mume wake akakohoa.

Nahodha hakusubiri kuombwa. Alikunja mikono ya shati, akapiga magoti mwambani, akaitumbukiza mikono yake katika ule uwazi hadi viwikoni. Iliingia kama upanga alani. Kidole kilichopinda kikapata nafasi yake iliyopinda.

"Imekukaa kama soksi, bosi," yule wa kijiti alisema, na wenzake wakacheka.

"Ni yangu," Nahodha alisema. Aliitoa mikono, ilikuwa mikavu. "Nilikuwa nampima pumzi. Anayetaka kuwa mwongozaji lazima apimwe. Namshika chini, pumzi ikimwishia anagonga jiwe mwambani, namwachia. Hata mimi nilipimwa hivyo hivyo."

"Ulisema alikuwa peke yake."

"Shemeji, anayepimwa pumzi yuko peke yake. Nani anaweza kupumua kwa niaba yake?"

Mshonaji akaonyesha mkono wa kulia wa lile umbo. Ulikuwa umenyooshwa kuelekea mwamba, ngumi imefumbata kama yenye jiwe ndani. Mbele ya ngumi mwamba ulikuwa na alama nyeupe zilizotapakaa, kama ukuta uliodonolewa na kuku.

"Aligonga," alisema.

"Aligonga, na nilisikia vizuri. Lakini kanuni ni mara tatu, kwa kituo. Yeye aligonga ovyo, kama mtu anayebisha mlango wa choo. Nikasema moyoni, huyu bado hajawa tayari, ngoja atulie."

"Akatulia," yule wa kijiti alisema.

"Akatulia," Nahodha alikubali.

Maporomoko yaliendelea na kazi yake. Mshonaji alikunja vidole vyake ndani ya aproni.

"Sitaki kingine," alisema. "Nataka useme mbele ya hawa hawa kwamba hakuwa amelewa. Halafu mwende wote kwa mama mkamwambie."

Nahodha alifikiri, kama mtu aliyeombwa kuazima jembe lake.

"Nikisema hivyo leo, basi siku ile nilisema uongo. Kiongozi akisema uongo, nani atamfuata majini? Wageni watakufa, shemeji. Unataka wageni wafe?"

Waongozaji wakatikisa vichwa. Waliiona hoja hiyo kuwa nzito.

"Mke wangu, yaishe," mume wake alisema. "Huyu ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja."

"Na yule alikuwa nani kwangu?"

Mume wake akamsaidia kaka yake kukunjua mikono ya shati.

Askari alikuja kesho yake. Alitazama, akasema sheria inahitaji mwili, na kwamba pale walipomwonyesha ndipo hasa mwili haupo. Mshonaji akajaribu kulijaza lile umbo kwa ndoo. Maji yalitelemka ndani hadi kwenye magoti, yakapanda tena upande wa pili, yakarudi kwa wenzao. Nahodha akaamuru kamba izungushwe, wageni wasije wakatumbukia; lakini wageni walilipenda. Warefu waliruka kamba, wakaingia ndani kupigwa picha, nao waongozaji wakajifunza kueleza: "Hapa ndipo alipokaa mlevi mmoja."

Kisha ikafika siku ya kumpima mbeba kamba mpya, mtu mzima mwenye ndevu na watoto. Mshonaji alishuka kabla yao. Aliingia kupitia utosini, kama mtu anayevaa gauni kwa kuanzia miguuni, akakaa mahali alipokaa mdogo wake. Alidhani Nahodha akimwona pale ataona haya, na haya ikimbana atasema.

"Habari za humo, shemeji?" Nahodha alisema alipofika.

"Sema," Mshonaji alimjibu.

"Kazi kwanza."

Akamsukuma yule mwenye ndevu chini, bega kwa bega na Mshonaji, maji yakiwa kati yao kama dirisha. Kwa muda mtu yule alitazama mbele. Kisha macho yakamtoka. Akagonga. Mshonaji alikisikia kishindo hicho katika meno yake. Nahodha alitazama mawingu. Mtu yule akagonga tena, na mapovu yakaanza kumtoka puani.

"Mwachie!" Mshonaji alipiga kelele. "Mwachie, muuaji wewe!"

Sauti yake ilitoka nzima kupitia utosini, na wote waliokuwa juu ya mwamba waliisikia.

"Dada, nyamaza kidogo," yule wa kijiti alisema. "Hatulisikii jiwe."

Mtu yule akagonga mara ya tatu, kwa kituo. Nahodha akamwachia.

Waongozaji walipiga makofi. Mwenye ndevu alitapika maji, akapangusa mdomo, akampa Nahodha mkono kwa heshima, akicheka na kutetemeka kwa pamoja.

"Umeona, shemeji?" Nahodha alisema, bila hasira yoyote. "Akigonga vizuri, anatoka."

Wakapanda ngazi kwenda kumwandikisha. Mume wake alibaki nyuma, akamshika Mshonaji mkono, akamvuta kutoka utosini. Alimtazama kuanzia kola hadi pindo, akalipapasa gauni, akalikuta kavu kabisa. Akamwambia angalau kwa hilo ashukuru.